Masale Uliyoyakata Chini ya Reli

Mdogo wangu Aloisi,

Salamu utazipata kwa wengine. Mimi nakuandikia barua hii waisome na majirani, kwa sababu ulichotaka kukiiba kilikuwa chao.

Umempigia simu Balozi wetu wa nyumba kumi kutoka Dar es Salaam. Umemwambia umesikia kwamba manispaa inatoa leseni za makazi mtaani kwetu, na kwamba jina lako liandikwe kwenye nyumba ya mama. Hukuuliza kama nyumba bado imesimama. Hukuuliza kama dada yako bado anapumua. Umeulizia leseni.

Unajua mama alivyofika hapa chini ya reli, au nalo umelisahau? Baba alipozikwa kule Kilema mlimani, ndugu zake waligawana kihamba, shamba la ukoo, kabla udongo wa kaburi haujakauka, na mama akaambiwa kwamba mwanamke haonyeshwi mpaka wa ardhi. Aliteremka mlima wewe ukiwa mgongoni, mimi nimeshika kanga yake, na kichwani amebeba mzigo wa vipande vya masale, mmea wetu wa mipaka. Mwingine angebeba sufuria. Alinunua kiwanja kwa mkulima mmoja, na kabla hajajenga hata jiko, aliwaita majirani wasimame watazame, akapanda masale mpakani pande zote. Alisema, "Hapa hakuna atakayeniambia sikuonyeshwa." Karatasi hatukuwa nayo. Tulikuwa na masale na macho ya majirani, na kwa watu wa mlimani hayo yalitosha, kwa sababu kwetu anayeng'oa isale la mpaka anatafuta kifo chake.

Upande wa mashariki, nje ya masale yake, aliacha njia. Nyumba sita za nyuma hazina pengine pa kutokea. Ulipokuwa mtoto ulimuuliza kwa nini tusipande migomba pale. Alikujibu huku anamenya ndizi: "Hiyo ni ya kupita watu, baba. Siku moja na mimi nitatolewa nayo." Tulimtoa nayo. Wewe ulishika jeneza upande wa mbele, na Mama Ndeshi, jirani yetu wa nyuma, alitangulia akiinua kamba za nguo ili tupite. Kilema iliyomkataa akiwa hai ikampokea akiwa maiti.

Kisha ukaanza kuuza mitumba, ukanunua viatu vya ncha, na ikawa huwezi kumaliza sentensi bila kutaja soko huria. Wakati huohuo wakazi tulikubaliana kuchora ramani ya mtaa wetu sisi wenyewe, kwa kamba na kwa picha iliyopigwa kutoka angani. Kila mwenye nyumba angesimama mpakani na jirani yake, wakubaliane mbele ya watu, ndipo mstari uchorwe. Mpimaji wa manispaa alitueleza waziwazi kwamba nyumba isiyo na njia haitatambuliwa, na siku ikibomolewa mwenyewe hatakuwa na la kudai. Ulikuwa umekaa mstari wa mbele. Watu wa nyumba sita walishika vichwa. Wewe ulikuwa unapima njia kwa macho, ukiona fremu za maduka.

Ukasubiri Krismasi. Unajua kwamba Krismasi mtaa huu hubaki na mbwa tu, wote tumepanda mlimani. Tuliporudi, masale ya mama hayakuwepo, na mengine yalikuwa yamesimama katikati ya njia, yamepandwa upya. Mama Ndeshi alikukuta umekaa kibarazani.

"Shemeji, naona masale yenu yametembea. Yamechoka kukaa?"

"Mama, hayo mambo ya kizamani. Siku hizi anayewahi ndiye anayepata."

Masika yakanyesha, upimaji ukaahirishwa hadi ardhi ikauke. Hilo hukulipangia. Siku ya kuvuta kamba, Balozi alikuuliza mpaka wenu uko wapi, nawe ukaonyesha kwa kidole chenye pete. "Masale si hayo? Au leo mmesahau mila?"

Mama Ndeshi alisogea hadi kwenye mpaka wa zamani. Aliinama, akatenga nyasi kwa fimbo. "Na haya ni ya nani, mangi?" akakuuliza, kana kwamba wewe ni chifu wetu.

Kila shina ulilolikata lilikuwa limechipua. Majani mabichi yalisimama tangu kona ya jiko la mama hadi barabarani, mstari ulionyooka kama mama mwenyewe alivyoupanda. Mtu mmoja nyuma akasema, "Soko huria limeota," na mtaa mzima ukacheka. Ukaondoka kabla kamba haijakunjwa.

Ungeyang'oa, ungeshinda. Lakini uliogopa. Uliwaza kwamba ukiyang'oa utakufa, na kwamba ukiyakata kwa panga wazee waliokufa hawatatambua. Mila ulizoziita za kizamani ndizo zilizokushika mkono. Nimefundisha darasa la tatu hadi nikastaafu, na nimewaona waongo wa kila namna. Hata wao hudanganya kwa akili zaidi. Mama hakukubeba mteremko wote ule ili uje uwafanyie watu wa nyumba sita alichofanyiwa yeye. Hilo ndilo ninaloliwaza ninapofagia kibaraza, na hasira huniisha, nabaki na aibu.

Sasa nijibu ombi lako. Njia imechorwa kwenye ramani kwa upana wake wote, na watu wa nyumba sita wamepata leseni zao. Yetu ina jina langu peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama mpakani. Jina lako linaweza kuongezwa, lakini utaratibu ni uleule: usimame pale, na jirani akubali mbele ya watu. Jirani ni Mama Ndeshi.

Masale uliyoyapanda njiani bado yapo. Hakuna aliyekubali kuyang'oa. Wazee wanayazunguka, watoto wanayaruka. Aliyeyapanda atayahamisha mwenyewe. Unajua pia kwamba kwetu anayekuja kuomba radhi ameshika isale hafukuzwi. Basi ukija, kata moja hapohapo njiani, panga unalo. Kwangu usililete. Pita mlango wangu, endelea na njia ya mama hadi nyuma, ubishe hodi.

Dada yako, aliyeshika kanga ya mama