Kitambaa Kilichokataa Maji

Chumba cha Cherehani,
Juu ya duka la viatu.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo wewe na wanao? Lile goti lako limeacha kelele? Sisi wazima kabisa. Kaka yako tu ndiye amenuna, ila sababu utaikuta mbele.

Basi wifi, kaa vizuri. Nilipata kazi ya aproni ishirini za wakata samaki wa sokoni. Mkubwa wao, tunamwita Kisu Butu, akaniambia, "Zikipitisha maji, mama, kazi naipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara." Na yule fundi unamjua anavyonisubiri nianguke!

Sasa mimi sikati kitambaa kabla sijakilowesha, kisije kikarudi kikishafuliwa. Nikakitumbukiza kwenye beseni. Wifi, kikakataa! Maji yanaviringika juu yake kama shanga. Nikajua nimeuziwa kitu kimepakwa mafuta. Nikashika maji moto, sabuni na brashi, nikaanza kusugua upande mmoja kwa hasira zote.

Mara akaingia binti yangu, yule wa maabara. "Mama, acha! Unakiharibu!"

Akanisomea lebo: haidrofobiki. Eti ni maneno mawili ya Wagiriki wa zamani, wasomi wakayaunga: haidro ni maji, fobiki ni mwenye hofu. Kwanza lilikuwa neno la ugonjwa wa mbwa kichaa, maana mgonjwa akiona maji koo linamkaza.

"Toba! Niwavalishe watu kichaa cha mbwa?"

"Mama nawe! Siku hizi kinaitwa hivyo kitu chochote kisichopatana na maji. Hata hakiogopi, hakipatani nayo tu."

Kumbe ndicho hasa nilichokuwa nakitaka! Nikashona mpaka vidole vikafa ganzi.

Juzi Kisu Butu kavaa, kajimwagia ndoo nzima mbele ya soko. Shati kavu! "Mama Cherehani, leta nyingine arobaini!" Fundi wa ng'ambo kafunga dirisha na jua lote lile.

Mtaani sasa asiyependa kuoga anaitwa haidrofobiki. Mimi simo.

Kile kipande nilichokisugua, nisikitupe, nikamshonea kaka yako aproni. Jana wageni wamejaa sebuleni, naye kajitia bingwa, kajimwagia jagi zima. Kalowa mpaka soksi! Tangu hapo hasemi na mtu.

Nisalimie shemeji, na Bibi Kicheko, umsomee hii taratibu asije akapaliwa. Mungu awalinde, awape afya na meno ya kuchekea.

Ni mimi, wifi yako nikupendaye bila kipimo,
Mama Cherehani