Udongo Niliochimba Nyuma ya Nyumba ya Mama Mwende

Gatwekera, Kibera,
Nairobi.

Kwa dada yangu mpendwa Nekesa,

Nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mjomba ninayeishi kwake. Jirani yetu Mama Mwende amekufa, na nadhani ni mimi niliyemuua.

Unisamehe kwa kuanza hivyo kabla ya salamu. Mko salama? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Sisi huku miili ni mizima.

Kabla ya mvua kubwa, Mjomba aliniambia niukandike upya ukuta wa nyumba. Watu wa hapa huchimba udongo kule chini mtoni, lakini vijana hukaa pale wakiwachokoza wasichana. "We mrembo, unabeba ndoo ama ndoo ndiyo inakubeba?" Unanijua, Nekesa. Niliona haya nikarudi. Nikachimba nyuma ya nyumba ya Mama Mwende, pale ardhi inapoteremka, maana udongo wake ni mwekundu na unanata vizuri. Nilichimba siku tatu, nikang'oa hata nyasi. Yeye mwenyewe alitoka na kiondo alichokuwa akisuka, akacheka, "Chimba, mwanangu, mimi silimi huko."

Mvua ilipokuja ilinyesha wiki nzima. Jumapili, tukitoka kanisani, tulisikia mayowe. Nyumba yake yote ilikuwa imeporomoka hadi mtoni, mabati na kila kitu, naye alikuwa ndani amelala na homa. Watu wanasema ni mvua tu. Mchungaji alisema ni mpango wa Mungu. Lakini mimi najua sivyo. Shuleni mwalimu wa jiografia alitufundisha jinsi mteremko unavyoporomoka: maji huingia udongoni, udongo huwa mzito, na kama umekatwa chini na hauna mizizi, hakuna cha kuushika. Niliandika hayo kwenye mtihani nikapata alama zote.

Binti yake, Mwende, alikuja kutoka Kitui kuchukua mwili. Alinishika mikono yote miwili. "Mama aliniambia wewe ndiye ulikuwa unamtekea maji. Mungu akubariki." Nilitaka kusema, nikaishia kumpa pole.

Jana vijana wale wale walianza kuchimba pale pale, wapate udongo wa kurekebisha nyumba zilizobomoka. Juu ya hapo kuna nyumba mbili zenye watoto. Niliwaendea.

"Msichimbe hapo. Nyumba ya Mama Mwende ilianguka kwa sababu palichimbwa chini yake."

"Ebu sikieni injinia!" mmoja akacheka.

Lakini mwenzake aliweka jembe chini, akainama kutazama. "Kweli, hapa palichimbwa. Ni nani alichimba?"

Nikasema sijui.

Walichukua majembe yao wakaenda mtoni. Nilirudi nyumbani nikalia.

Nisalimie Nyanya, mama mkubwa Nasambu aliyenishonea sare ya shule, na shemeji, mume wako.

Najua Mama atakuomba umsomee barua hii. Msomee salamu, msomee habari za mvua na msiba, lakini penye mimi na udongo, ruka. Usimwambie mtu, hata shemeji. Natafuta nguvu ya kumwandikia Mwende, na nataka asikie kutoka kwangu, si kwa watu.

Mdogo wako,
Naliaka