Muziki wa Kabla ya Majina

Jumapili, 4 Oktoba 2015

Nimepata! Nimepata! Mzee Clive, mpiga kinanda wetu kanisani, ameanguka kwenye ngazi za nyumba yake na kuvunjika kifundo cha mkono. Nilisema pole huku moyo unacheza ngoma, Mungu anisamehe. Kufa kufaana, ingawa ni mkono tu. Miaka tisa nimekaa kando yake namgeuzia kurasa, leo Kasisi Gillian ameniita pembeni baada ya ibada. Tarehe 31, saa tisa alasiri, kanisa letu hapa Walthamstow, London, lina tamasha la Halloween, ile sikukuu yao ya kuvaa mifupa na mizimu: muziki wa kutisha kwa kinanda cha mabomba. Tiketi zimeisha. Mpiga kinanda ni mimi. Mimi! Lydia wa Butere!

Na si hayo tu. Kamati ya kanisa itakuwepo. Nikifanya vizuri, kiti cha Mzee Clive ni changu moja kwa moja, maana mwenyewe anataka kupumzika.

Sharti ni moja. Kipande cha kwanza baada ya mapumziko nitunge mwenyewe. Vile vya kawaida watu wamevizoea, anasema. Nipige kitu kinachonitisha *mimi*.

Kinachonitisha mimi? Nimewaza mpaka basi likanipitisha vituo viwili.

Jumatano, 7 Oktoba

Off ya kazini. Kutwa nzima nanakili noti. Noti za mistari nazisoma kama mtu anayevuka tope — mikono yangu inajua d, r, m, f tu, kama tulivyofundishwa kwaya kule nyumbani, ubaoni, fimbo ikionyesha. Kurasa kumi na nne sasa zimekuwa herufi tupu. Mzee Clive akiziona atavunjika na mkono wa pili.

Ann, binti yangu, kaniletea orodha kwenye simu yake: muziki wa kutisha wa msimu huu. Mbwa mwitu. Milango inayolia. Wanawake wanapiga mayowe. Nimecheka mpaka machozi! Akanuna, akaniuliza kwa Kiingereza kama kawaida yake: kwani wewe Mum unaogopa nini?

Swali lile lile tena.

Ijumaa, 9 Oktoba

Najua!

Nilikuwa nakaanga vitunguu, ukaja wenyewe. Muziki wa matangazo ya vifo. Kila jioni redioni kule nyumbani, kabla ya taarifa ya habari. Matarumbeta, polepole, kama watu wanaopanda mlima na mzigo. la — la — ti — do — la. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mama alikuwa anaipua sufuria papo hapo, hata kama ugali haujaiva. Mwanaume akiwa ndani anavua kofia. Sisi watoto hatukohoi. Halafu majina: fulani wa mahali fulani amefariki, habari ziwafikie fulani na fulani. Yakiisha, Mama anapumua. “Leo si wetu.” Sufuria inarudi motoni.

Mpaka siku ile. 1975. Baba alikuwa kazi ya reli, Voi. Telegramu haikutufikia. Redio ikatufikia. “Habari ziwafikie mkewe Rebeka, na wanawe Elkana na Lydia.”

Nitaandika hapa jambo ambalo sijamwambia binadamu. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliposikia jina langu likisomwa — nilifurahi. Sekunde moja. Nimetajwa redioni! Kisha nikamwona Mama.

Kaka Elkana alikuwa na kumi na tano. Aliichukua redio akaigeuza ikatazama ukuta. Mpaka leo, kule kwake Croydon, hana redio.

Vitunguu vimeungua.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimefanya jaribio! Nimepita dukani kwa Mahendra, pale sokoni. Ni mzaliwa wa Kisumu, hapa anauza ndoo na sufuria, na mwezi huu vinyago vya mafuvu. Alikuwa anapanga mafuvu. Nikaja kimyakimya nyuma yake, nikauimba kwa pua. Noti tano tu.

Boksi likamtoka mkononi.

“Nani amekufa?”

“Hakuna, Mahendra. Najaribu muziki.”

“Wacha, Mama Ann! Wacha kabisa! Usilete hiyo kitu duka yangu!” Miaka karibu arobaini ametoka Kisumu, na bado aliinama kuokota mafuvu ya plastiki bila kunitazama. Aliniuzia ndoo kwa hasira. Nimerudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Jumapili, 18 Oktoba

Leo nimeupiga kanisani, watu wakishaondoka. Ee! Matarumbeta nimeyapigia mabomba ya juu, mbali, yasikike kama redio ya jirani. Miguu kwenye pedali, lile bomba refu kuliko yote, ambalo husikii sauti yake — unaisikia benchi ikitetemeka chini yako. Kisha nikanyamaza pale pale ambapo majina yangeanza. Kimya chenyewe ndicho kinachotisha!

Kasisi Gillian alitoka kule ndani na kikombe cha chai, akanionyesha mkono wake. Vinyweleo vyote vimesimama. Hajui hata ni muziki wa nini. Huo huo, alisema, usibadilishe hata kidogo.

Kiti ni changu. Nakiona!

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimempigia Kaka kumwalika. Kwanza akanipa mahubiri niliyoyatarajia: Halloween ni sikukuu ya shetani, yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kuonekana. Nikamtania kwamba wafu wenyewe wako Butere wamelala, hawana nauli ya kuja London. Akacheka kidogo. Basi nikaona nimwambie ni muziki gani nitakaopiga. Ni haki yake kujua.

Nikasikia anafunga mlango. 

“Huo si muziki, Lydia. Hiyo ndiyo barua tuliyoletewa.”

“Kaka, naomba —”

“Utawapigia watu waliovaa mifupa?”

Hapo akakata simu.

Jumapili, 25 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma usiku, kama kila mwaka huku baridi ikikaribia. Kaka hapokei simu. Nimepiga mara sita.

Nimetunga kingine cha akiba: mifupa inacheza dansi, tiki-taka, tiki-taka. Ann ameninyanyulia bega. Hata paka hataogopa, anasema. Ni kweli. Nikikipiga hicho nitarudi kugeuza kurasa. Nikipiga ule, nampoteza Kaka, na katika nyumba ya Mama nimebaki naye tu.

Jumatano, 28 Oktoba

Hapokei. Nimemwachia ujumbe wa siku na saa. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 31 Oktoba

Mapumziko! Naandika kwa penseli juu ya benchi ya kinanda, nyuma ya pazia. Nusu ya kwanza — sijui niseme nini! Watu walipiga makofi mpaka madirisha yakalia. Mtoto mmoja aliyevaa popo alilia akatolewa nje. Gillian anasema hiyo ni sifa. Mzee Clive, mkono shingoni kwenye kitambaa, alinitikisia kichwa. Mahendra yupo. Amekaa karibu na mlango, tayari kukimbia.

Karatasi mbili ziko mbele yangu. Dansi ya mifupa. Na ile.

Gillian amesimama, anawashukuru waliooka keki. Ana maneno mengi, ninazo dakika.

Ngoja.

Juu ya kinanda kuna kioo kidogo, cha mpigaji kutazama kanisa bila kugeuka. Kaka Elkana yumo kwenye kioo! Ameketi benchi ya nyuma, bado na sare ya udereva wa tramu chini ya koti, kofia kichwani. Ann amekaa naye. Sijui Kaka amekuja kusikiliza au amekuja kunisimamisha. Anatazama huku. Anajua nina kioo.

Shukrani za keki zimekwisha. Gillian amegonga maikrofoni. Nimeiondoa ile karatasi ya dansi ya mifupa, nimeikalia.

Anasoma jina langu! Jina langu lote, kwenye spika, kanisa zima. Na nimefurahi — tena, Baba, nimefurahi tena. Kwenye kioo Kaka anavua kofia, na bado sijagusa hata noti moja.