Upepo wa Chumbani

Jumatatu, 6 Julai
Kliniki ya usingizi imefungwa mpaka ugonjwa huu upungue. Nesi kapiga simu: osha barakoa ya mashine yako ya kulalia kila asubuhi, na ukianza kukohoa usilale nayo chumba kimoja na mtu — inatawanya pumzi yako kila pembe. Vichujio vyake hakuna madukani. Nimejikatia kimoja kwenye mabaki ya barakoa tunazoshona kiwandani. Faida ya ufundi cherehani! Bila mashine pumzi inakatika usingizini, nifanyeje?
Baba kapiga kuuliza treni imelalaje. Ndivyo anavyoniita, kwa kukoroma kwangu. Tumecheka wee.

Alhamisi, 9 Julai
Baba anakohoa. Ana homa. Dada mkubwa, anayeishi naye, ameshinda kwenye foleni ya hospitali — vitanda vimejaa, wameambiwa warudi kesho. Jioni akapiga: niletee ile mashine yako ya kupumulia. Nikamwambia, dada, ile haina oksijeni. Inasukuma hewa hii hii ya chumbani, koo langu lisijifunge nikilala. Basi! Akasema nina roho mbaya. Akakata simu.

Ijumaa, 10 Julai
Kaja mwenyewe. Kasimama nje, barakoa imelowa machozi. Nesi nilishamuuliza, akasema haitamfaa mzee, na itamwambukiza anayemuuguza, atafutiwe oksijeni. Yote hayo nilimweleza dada. Kisha nikampa. Nani angemwangalia vile akamnyima? Nikamfundisha kuiosha.

Jumapili, 12 Julai
Nashtuka usingizini natweta kama mtu aliyeokolewa majini. Jana kazini nimeshona kamba zote mbili upande mmoja, rundo zima la barakoa. Msimamizi kaniangalia tu.
Baba kapiga akiwa ameivaa: sasa treni ni mimi. Sauti ndogo, lakini alicheka. Nikafurahi, Mungu anisamehe.
Dada akachukua simu. Nikauliza, foleni leo vipi? Hakwenda. Jana pia hakwenda. Ya nini, mashine si tunayo? Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mpeleke hospitali! Ule ni upepo tu! Akasema baba keshasinzia tena, usingizi mzuri, nisimwamshe.

Jumanne, 14 Julai
Baba amefariki. Mashine ilikuwa bado inapuliza, dada akadhani anapumua.

Jumamosi, 18 Julai
Tulimzika Jumatano, tumesimama mbalimbali. Hata mkono dada sikumshika.
Leo kairudisha mashine. Kaiweka mlangoni, akaenda kukaa kwenye ngazi. Ameiosha kama nilivyomfundisha. Mpira umekauka vizuri. Ndani bado kuna kile kichujio changu cha kitambaa. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumpiga kofi, vyote kwa pamoja. Kabla sijafungua mdomo, akakohoa. Kikohozi kile kile!
Nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Akakataa. Kule wanakuacha kwenye benchi, akasema. Baba aliondoka kitandani kwake, kwa raha. Nikizidiwa utanipa tena, eh, mdogo wangu?
Nimeingia ndani kumpigia nesi. Simu inaita, haipokelewi. Naandika huku nikipiga tena. Mashine iko mapajani kwangu, na dada kule nje anauliza tena, taratibu, kama nimemsikia —