Mh-mh Yangu Imefutwa

Tereza, uko wapi? Nimekwisha.

Ile podikasti ya wajane wa kanisani imetoka. Dorah anayeirekodi aliniuliza, "Mama, shemeji akitaka kukurithi utakubali?" Nikajibu mh-mh. Unajua nakataaga hivyo.

Akauliza, "Na Mungu utamtumikia?" Nikasema, "Ndiyo, kwa moyo wote."

Sasa kompyuta yake inafutaga miguno yenyewe. Mh-mh yangu imefutwa. Swali la Mungu Dorah akalikata, eti kufupisha.

Kwa hiyo shemeji akitaka kunirithi, mimi nasikika, "Ndiyo, kwa moyo wote." Tereza, kwa moyo wote.

Dorah anasema atarekebisha kesho.

Shemeji Machage ameshafika toka Kiriba na begi. Yuko sebuleni. Nimemwambia mh-mh. Anacheka, "Usione aibu, tumekusikia wote."