Taa Zinazotetemeka Matogoro

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya asubuhi kiwandani. Vyuma chakavu vimejaa: rimu, vipande vya trekta. Nimeshusha nguzo za kaboni zinazopeleka umeme kwenye chuma, umeme ukaruka, tanuru likanguruma. Mwanzo ndio mbaya, kabla chuma hakijalainika. Linavuta umeme kwa mishtuko. Masikio yamezoea. Nimerudi, nimekula, nimelala.

Jumatano, 5 Machi
Jioni nyumbani. Taa ya sebuleni haizimiki, inatetemeka tu. Anastazia, mke wangu, alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake.
"Kila siku ndiyo hivi," akasema. "Kichwa kinaniuma."
Nikatazama saa. Wenzangu wa zamu ya jioni walikuwa wanaanza kuyeyusha, na mtaa wetu uko laini moja ya umeme na kiwanda. Sikumwambia.

Jumamosi, 8 Machi
Anastazia ameanguka. Kifafa. Hakikuwa kimempata tangu binti yetu azaliwe, na binti sasa yuko darasa la sita. Mkono uliangukia jiko la mkaa. Taa ilikuwa inatetemeka. Nilimlaza kwa ubavu, nikasubiri. Hospitali wamemfunga bandeji. Daktari anasema mwanga wa namna hiyo huamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Kama ndio uliomwangusha yeye, hawezi kuapa.
Sikulia. Sikuhisi kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Kazini. Nimeshusha nguzo. Mikono inajua yenyewe.

Jumatano, 12 Machi
Majirani wamelalamika kuhusu taa. Kesho mafundi wa umeme wanakuja kiwandani na kipimo. Meneja kaniita.
"Kesho tunayeyusha polepole. Wakiuliza, ndivyo tunavyofanya siku zote. Tumeelewana?"
Nimesema ndiyo, bosi.

Alhamisi, 13 Machi
Walikuja wawili. Mkubwa wao mama mmoja mpole. Nikaendesha polepole, mstari kwenye kipimo ukatulia. Meneja akatabasamu. Yule mama akanigeukia.
"Kaka, kila siku mnafanya hivi?"
"Hapana."
Nikashusha nguzo kama tunavyoshusha siku zote. Mstari ukaanza kurukaruka. Sikuogopa. Wala sikujiona shujaa.

Ijumaa, 14 Machi
Nimefukuzwa. Nimerudisha kofia na buti. Nimemweleza Anastazia yote, hata kwamba nilijua tangu ile Jumatano.
"Ungeniambia ningezima taa," akasema.
Basi. Akaingia ndani.

Jumapili, 16 Machi
Misa. Tumekaa benchi moja, binti katikati.

Jumanne, 25 Machi
Tanuru limesimamishwa mpaka lijengewe laini yake lenyewe. Wenzangu wote wako nyumbani. Nimekutana na wawili njiani, hawakuitikia salamu. Taa zimetulia mtaa mzima. Nilidhani ningefurahi.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua tangu asubuhi. Nimepalilia mahindi ilipokatika. Anastazia hajaanguka tena. Siku zote hizi binti ndiye amekuwa akimbadilishia bandeji. Leo Anastazia amekuja mwenyewe akakaa karibu yangu, akaninyooshea mkono. Nimeifungua bandeji taratibu. Ngozi mpya, nyekundu, laini. Nimeiosha kwa maji ya vuguvugu. Hakuuondoa mkono.