Vijiko Vitatu

Shoga, uko peke yako? Usimsomee mtu hii.

Wifi yangu, mke wa kaka, unamjua. Tangu afanyiwe operesheni ya kupunguza tumbo, nyumba nzima hatupumui. Kila kitu anapima kwa kijiko na kuandika kwenye karatasi mlangoni mwa friji. Wanga kidogo, sukari marufuku. Eti sukari ikiingia tu kwenye hicho kitumbo, anaanguka.

Nikasema maringo hayo. Leo asubuhi kageuka kupokea simu, nikamtilia sukari kwenye uji. Vijiko vitatu. Uji wenyewe huwa anautia vidonge vya utamu visivyo na sukari, kwa hiyo hakugundua.

Vitatu, shoga!

Robo saa haikuisha, kalowa jasho chapachapa, mikono inatetemeka, puu, chini pale pale jikoni. Mimi nikamwambia, "Inuka basi, hakuna anayekutazama."

Hakuinuka.

Kaka akampigia daktari. Daktari akauliza amekula nini. Kaka akamgeukia mkewe pale sakafuni: "Umeanza tena kula kwa kujificha?"

Mbele yangu! Mimi naosha kikombe.

Sasa hivi amekaa, midomo imempauka. Unajua kaandika nini kwenye karatasi yake? "Uji. Nimekosea kupima."

Nimekosea kupima, shoga.

Halafu akanishika mkono. "Wifi, kuanzia kesho nipimie wewe. Mimi sijiamini tena."

Nimemwambia sawa.